Maswali Yenu: Asidi za Hewani Zikipanda na Kushuka Miaka Nenda Miaka Rudi

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu hapa kuhusu asidi za kikaboni zilizomo ndani ya chembechembe za hewani, nikasema viwango vyake vimekuwa vikibadilika kwa miaka mingi, nikaishia hapo. Kumbe nimechokoza mzinga. Meseji zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea na nyingi zinauliza mambo ya maana kabisa, kwa hiyo safari hii safu nzima naiachia hilo jambo moja. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, mengine nimeyafupisha.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, kemia naipenda ila hapa nimekwama. Asidi ninayoijua mimi iko kwenye chupa maabara na ni majimaji. Sasa kwenye vumbi la hewani inakaaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo ulipokwama ndo penyewe panapotakiwa paanzie. Tukisema aerosoli, yaani chembechembe za hewani, watu wanafikiria vumbi kavu la barabarani, ila sehemu kubwa ya chembe tunazoziongelea ni ndogo mno, chini ya maikromita moja, yaani upange kama sabini hivi ndo upate unene wa unywele, na nyingi hazijakauka, zimebeba maji. Chembe yenye salfeti ndani (salfa iliyoungana na oksijeni) inavuta unyevu wa hewa kama vile chumvi iliyoachwa wazi inavyolowa yenyewe. Kwa hiyo ichukulie chembe moja kama kitone kizito chenye maji, chumvi, masizi na vitu vya kikaboni, na asidi imo humo humo, imeyeyuka kama ile ya kwenye chupa yako.

Asidi ya kikaboni ina kile kichwa chake: kaboni moja imeshika oksijeni mbili, na oksijeni moja kati ya hizo imebeba haidrojeni inayoachia kirahisi. Zenye kichwa kimoja ni kama asidi fomiki, ile ambayo Mwingereza John Ray aliitoa kwa chungu mwaka 1671, na asetiki ambayo ndo iko kwenye siki, hizi ni nyepesi na muda mwingi zinakaa kama gesi. Zenye vichwa viwili, kimoja huku na kimoja kule, zinaitwa diasidi: oksaliki ina kaboni 2, maloniki 3, saksiniki 4, na mstari unaendelea mpaka azelaiki yenye 9 na kupita hapo. Hizi ni nzito, zinang'ang'ania kwenye chembe, na ndo zinazopimwa zaidi.

Halafu kitu ambacho vitabu vingi vinakiruka: nyingi ya asidi hizi hazitoki kwenye bomba la gari wala kwenye moshi zikiwa tayari. Zinatengenezwa humo humo hewani. Mimea ya dunia nzima inatoa gesi iitwayo isoprini, kama tani milioni 500 kwa mwaka, na hiyo ikishakutana na radikali ya haidroksili (kipande kidogo cha oksijeni na haidrojeni chenye pupa ya kuungana na vitu vingine) inavunjwavunjwa, katika vipande vinavyotokea kuna glaioksali na methili-glaioksali, hivi vinapenda maji, vinazama kwenye vitone vya mawingu, humo vinaendelea kuoksidishwa, yaani kuongezewa oksijeni, mpaka vinakuwa asidi glaioksiliki halafu oksaliki. Wingu likikauka, na mawingu mengi yanakauka bila kunyesha, asidi inabaki kwenye chembe. Kwa maneno mengine wingu ndo jiko lenyewe. Mi mwenyewe nilipoelewa hili, mawingu niliacha kuyaona kama maji tu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia. Kwenye vipimo vingi naona asidi oksaliki ndo inaongoza, mjini, baharini, mpaka huko ncha za dunia. Je, ikipanda kwa miaka kumi mfululizo naweza kuwaambia wanafunzi uchafuzi umeongezeka? Na ikishuka, niwaambie hewa imesafishika?

JIBU: Mwalimu, usiwaambie hivyo, nakuomba. Na swali lako ndo limenifanya nitoe safu nzima, kwa sababu kosa hilo hata watu wenye vyeti vikubwa wanalifanya.

Anza na kwa nini oksaliki inaongoza. Sababu ni kwamba yenyewe ni kituo cha mwisho. Asidi ndefu hewani zinakatwakatwa na kemia ya jua na maji, yenye kaboni nyingi inapungua inapungua, saksiniki inakuwa maloniki, maloniki inakuwa oksaliki, na ukiikata oksaliki hakuna tena asidi ya kichwa mara mbili, unapata kabonidayoksaidi basi. Kwa hiyo kila kilichoanzia mbali, kiwe kimetoka kwenye mti, kwenye injini, kwenye moto wa msitu au kwenye povu la bahari, kikiishi hewani muda wa kutosha kinapitia hapo. Sasa mto uliopokea vijito ishirini ukifurika, utamlaumu kijito yupi?

Hapo ni upande wa vyanzo. Kuna upande wa pili ambao kwangu mimi ndo mtamu zaidi, upande wa njia. Ukichukua vipimo vya sehemu nyingi duniani utakuta oksaliki na salfeti zinapanda pamoja zinashuka pamoja, na mtu wa haraka atasema aha, zinatoka kwenye bomba moja. Hapana. Salfeti inatokana na gesi ya salfa, oksaliki inatokana na kaboni, kinachoziunganisha ni kwamba zote mbili zinapikwa kwenye maji, ndani ya mawingu na ndani ya chembe zilizolowa. Na salfeti yenyewe ndo inayoita maji kwenye chembe. Ukipunguza salfa kwenye mafuta na kwenye mitambo ya makaa, salfeti inapungua, chembe zinabeba maji machache, na hilo jiko dogo la ndani ya chembe linapungua nafasi, kwa hiyo oksaliki inaweza kushuka wakati miti inatoa isoprini ile ile na magari yanatoa moshi ule ule. Yaani kiwango cha asidi kimeshuka na hakuna hata chanzo kimoja cha kaboni kilichopunguzwa. Uwaambie wanafunzi nini hapo?

Ongeza chuma. Vumbi la jangwani na moshi wa viwandani vinaleta chuma kidogo kidogo, na chuma kikikutana na oksaliki ndani ya kitone cha maji vinashikana vinakuwa kitu kimoja ambacho jua likikipiga kinavunjika ndani ya dakika, oksaliki inaisha. Hapo hapo oksaliki inakuwa imesaidia chuma kiyeyuke vizuri zaidi, na chuma hicho kikidondoka baharini kinakuwa lishe ya mwani. Kwa hiyo mwaka wenye vumbi jingi la chuma unaweza kuonyesha oksaliki ndogo, siyo kwa kuwa imetengenezwa kidogo bali kwa kuwa imeliwa haraka.

Sasa ufundishe nini? Wafundishe waangalie majirani zake. Azelaiki inatokana zaidi na asidi oleiki, ile ya kwenye mafuta ya mimea na ya uso wa bahari, ozoni inaikata pale kwenye kaboni ya tisa, ndo maana zinatoka tisa tisa. Asidi thaliki inaelekeza kwenye mafuta ya magari na makaa. Terethaliki ikionekana kwa wingi, kuna plastiki imechomwa. Levoglukosani, ambayo siyo asidi ila inapimwa pamoja nazo, ni alama ya kuni na majani yaliyoungua. Oksaliki ikipanda na levoglukosani ikapanda nayo, hapo unaweza kusema moto. Oksaliki ikipanda peke yake majirani wote wametulia, uliza kuhusu mawingu na joto kwanza.

Mfano mzuri wa kuwapa ni kisiwa cha Chichijima, kilomita kama 1,000 kusini mwa Tokyo, bahari pande zote. Mtafiti wa Japani Kimitaka Kawamura na wenzake wamekusanya chembe za hewa pale kwa miaka mingi, na vipimo vya diasidi vya mwaka 2001 mpaka 2013 vikawekwa pamoja kama mfululizo mmoja. Majira ya kuchipua, upepo unapovuma kutoka bara la Asia, asidi zinapanda. Kiangazi upepo ukigeuka ukaja kutoka bahari kuu zinashuka. Kisiwa hakijabadilika chochote, kilichobadilika ni upepo. Kama hilo linatokea ndani ya mwaka mmoja, fikiria miaka kumi ambayo njia za upepo zenyewe zimesogea kidogo.

SWALI: Nilisoma sehemu kwamba barafu ya Greenland inaonyesha viumbe vidogo vya baharini vinapungua tangu viwanda vianze, na ushahidi ni asidi fulani iliyoganda humo. Nikasikitika sana. Baadaye nikasikia tena siyo kweli. Tushike lipi?

JIBU: Dada, asante kwa swali hili, maana hapa ndo nililomjibu mwalimu linaonekana wazi kabisa, tena kwa miaka mia kadhaa.

Asidi yenyewe inaitwa asidi methenisalfoniki, wengi wanaiandika MSA. Mwani mdogo wa baharini unatoa gesi ya dimethili salfaidi (hiyo ndo sehemu kubwa ya ile harufu ya bahari), gesi hiyo ikifika hewani inaoksidishwa, sehemu inakuwa MSA na sehemu inakuwa salfeti. MSA haina chanzo kingine kikubwa, salfeti inavyo vingi, volkano, makaa, mafuta. Kwa hiyo kwa muda mrefu watu wakaichukua MSA kama alama safi ya mwani: ikidondoka na theluji Greenland, ikagandishwa tabaka kwa tabaka, unahesabu tabaka na unapata historia ya bahari.

Mwaka 2019 Matthew Osman na wenzake walitoa kazi kwenye jarida la Nature, wakiwa wameunganisha nguzo za barafu 12 za Greenland, na MSA ilikuwa imeshuka tangu katikati ya karne ya 19. Wakakadiria uzalishaji wa mwani wa Atlantiki ya kaskazini umepungua kama asilimia 10. Ni kazi ya umakini, data zao ziko sawa na mtu asiwabeze. Kilichohitaji kuangaliwa tena ni ile hatua moja ya kutoka kwenye asidi kwenda kwenye mwani.

Mwaka 2023 Ursula Jongebloed wa University of Washington na wenzake wakafanya jambo ambalo mimi naliheshimu sana, hawakupima MSA peke yake, walipima na isotopu za salfa (atomi za salfa zinazotofautiana uzito) kwenye salfeti ya barafu inayoanzia mwaka 1200 mpaka 2006. Isotopu zinakuwezesha kutenganisha salfeti iliyotoka baharini na ile ya viwandani na ya volkano. Wakakuta kitu cha ajabu: kipindi ambacho MSA inashuka, salfeti iliyotokana na mwani inapanda. Ukijumlisha zote mbili, pengo linazibika. Mwani haukupungua kwa namna iliyofikiriwa, kilichobadilika ni njia ambayo gesi yake inapita ikishafika hewani. Moshi wa injini na viwanda umejaza hewa oksaidi za naitrojeni, hizo zinatengeneza radikali ya naitreti, na radikali hii ikiikamata dimethili salfaidi inaisukuma kwenye upande wa salfeti badala ya upande wa MSA.

Kisha mwaka 2024 Jacob Chalif wa Dartmouth na wenzake wakaleta barafu ya mlima Denali, Alaska. Kule nako MSA inashuka, lakini haishuki wakati mmoja na Greenland, inachelewa kama karne moja, inashuka katikati ya karne ya 20 pale viwanda vya Asia ya mashariki vilipoanza kukua. Bahari mbili, tarehe mbili tofauti, na kila moja inafuata viwanda vilivyo upande upepo unakotoka. Na Greenland MSA ikaanza kurudi juu kuanzia miaka ya 1990, Ulaya na Marekani zilipobana moshi wao.

Kwa hiyo dada, ushike hili: kushuka kwa asidi ni kweli, barafu haikudanganya. Huzuni yako ya kuhusu mwani iweke pembeni kwa ushahidi huu wa MSA, ila uipokee habari nyingine ambayo kwangu ina uzito wake, kwamba moshi wa binadamu umebadilisha kemia ya hewa mbali kabisa na mahali ulipotoka, juu ya bahari isiyo na kiwanda hata kimoja, kwa zaidi ya miaka 150, na tumekuja kujua juzi tu.

SWALI: Kwa nini mnataka miaka mingi hivyo? Miaka miwili mitatu ya vipimo haitoshi kuona kama kitu kinapanda?

JIBU: Haitoshi. Chembe hizi zinaishi hewani siku chache mpaka wiki hivi, mvua inaziosha, kwa hiyo kila sampuli inakuambia habari za wiki hiyo na upepo wa wiki hiyo. Halafu kuna miaka inayovuruga kila kitu: mwaka wa El Niño kama 1997 au 2015 ardhi ya mboji Indonesia inaungua kwa miezi, moshi unasambaa nchi na nchi. Mfululizo wako ukianza 2013 ukaishia 2015 utaapa asidi zinapanda, ukianza 2015 ukaishia 2017 utaapa zinashuka, na hujadanganya popote, ni kwamba dirisha ni dogo. Ukiwa na miaka kumi na kuendelea, ukaondoa mzunguko wa misimu, ukatumia kipimo cha Mann-Kendall kuona kama mwelekeo upo kweli na mteremko wa Sen kujua ni kiasi gani kwa mwaka, hapo tunaweza kuongea. Ndo maana barafu inathaminiwa sana, Kawamura na wenzake waliwahi kupima diasidi kwenye barafu ya Greenland kuanzia mwaka 1540 mpaka 1989, unaona kabisa dunia kabla ya injini ya mvuke na baada yake kwenye nguzo moja.

Ila miaka mingi ina ugonjwa wake pia, nao ni vifaa. Niliwahi kusaidia kupanga data za kituo kimoja, mwaka fulani asidi zimeruka juu na zikabaki juu, tukakaa tunatafuta moto ulikuwa wapi, tukaandika mpaka maelezo, mpaka fundi aliyekuwa anapanda kubadilisha filta akatuambia mwaka ule ndo walihama kwenye filta za Tefloni wakaenda za kwatzi. Filta ya kwatzi inafyonza na gesi, siyo chembe tu. Ile mruko yote ilikuwa filta. Tangu siku hiyo nikipewa mfululizo wa data, kabla ya grafu naomba daftari la fundi: lini pampu ilibadilishwa, sampuli zilihifadhiwa baridi kiasi gani na kwa muda gani, nani alipima na kwa mashine ipi, maana kupima kwa kromatografia ya ioni (kromatografia ni njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika) na kupima kwa kugeuza asidi kuwa esta kisha kuipitisha kwenye kromatografia ya gesi siyo lazima vikupe namba ile ile. Na kwenye sampuli za mvua ni mbaya zaidi, bakteria wanazila asidi fomiki na asetiki ndani ya chupa, wasipozuiwa, kwa kutia kloroformu kidogo kwa mfano, utapima chupa tupu na kusema mvua ni safi. Mnaoanza vituo vipya, tafadhali, andikeni kila kitu. Kila kitu.

SWALI: Asidi hizi tukizivuta zinadhuru mapafu?

JIBU: Kwa viwango vyake hewani, oksaliki ni kuanzia nanogramu chache kwa mita moja ya ujazo kule Antaktika mpaka mamia ya nanogramu mijini, asidi yenyewe peke yake siyo ya kukutia hofu. Kinachodhuru ni zile chembe ndogo zinazoibeba, zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na hizo zinadhuru kweli moyo na mapafu. Asidi ni dalili ya chembe zilivyozaliwa na zilivyozeeka.

SWALI: Nchi nyingi zimepunguza salfa, mvua ya asidi tukaambiwa imekwisha. Sasa hizi asidi za kikaboni ndo zitachukua nafasi yake?

JIBU: Kaka, kuna sehemu mbili za kukujibu na zisichanganywe.

Kwenye mvua na mawingu, ndiyo, sehemu yake inakua. Tangu zamani, sehemu za mbali zisizo na viwanda, asidi fomiki na asetiki ndo zilikuwa zinabeba uchachu wa mvua, kuna maeneo William Keene na James Galloway walipima miaka ya 1980 wakakuta zinafika zaidi ya nusu ya asidi yote huru kwenye mvua. Kwenye nchi za viwanda salfeti na naitreti zilikuwa zimezifunika kabisa, hazionekani. Mlima Whiteface, jimbo la New York, una kituo kileleni kinachokusanya maji ya mawingu tangu 1994, na hapo unaliona jambo lenyewe likitokea: baada ya sheria ya hewa safi ya Marekani kufanyiwa marekebisho mwaka 1990, salfeti imeshuka sana kwenye mawingu, uchachu umepungua, na kaboni ya kikaboni kwenye maji hayo imeongezeka. Ukijumlisha chaji chanya na chaji hasi za ioni za kawaida (ioni ni chembe zenye chaji zilizoyeyuka majini) hazilingani tena, kuna hasi zinakosekana, na sehemu ya hizo ni hizi asidi ambazo zamani hazikuwa zikipimwa mara kwa mara pale. Wingu la leo kwenye mlima ule siyo lile la 1994. Lakini halina ukali ule, asidi za kikaboni ni dhaifu na bakteria wa udongo wanazila, kwa hiyo usitegemee maziwa kufa samaki kama zamani.

Ndani ya chembe zenyewe ni hadithi nyingine. Mwaka 2016 Rodney Weber na wenzake walionyesha kwamba kusini-mashariki mwa Marekani salfeti imeshuka miaka 15 mfululizo, lakini pH ya chembe (kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali) imebaki ile ile kati ya 0 na 2. Watu wengi walishangaa, mimi mmojawapo. Sababu ni amonia, inapungua kwenye chembe kadri salfeti inavyopungua, inarudi kuwa gesi, na mizani inabaki pale pale. Kwenye uchachu huo fomiki na asetiki hazikai kwenye chembe, zinakimbilia hewani kama gesi, oksaliki inaweza kubaki kwa sababu yenyewe ni kali zaidi. Kwa hiyo mahali ambapo amonia inaongezeka na chembe zinapungua uchachu, utaona asidi nyingi zaidi zimehamia ndani ya chembe, na hakuna hata molekyuli moja mpya iliyotengenezwa. Zimehama tu chumba.

SWALI: Nina namba za maloniki na saksiniki za kituo kimoja, miaka tisa, nimezipata kwenye data za wazi. Mimi siyo mtaalamu. Kuna kitu naweza kufanya nazo?

JIBU: Kipo, na nimefurahi sana kusoma meseji yako. Gawa maloniki kwa saksiniki, kila sampuli, halafu chora uwiano huo dhidi ya tarehe. Saksiniki ndo mama, maloniki ndo mtoto, kwa hiyo uwiano mdogo maana yake hewa ni changa na mkubwa maana yake imezeeka ikisafiri juani. Kwenye moshi wa magari ukitoka tu kwenye bomba uwiano ulipimwa Los Angeles ukawa wastani wa kama 0.35, na juu ya Pasifiki mbali na nchi kavu ulikuwa wastani wa karibu 4. Hiyo ndo rula yako.

Uzuri wake ni kwamba uwiano haujali sana hewa ilikuwa na chembe nyingi au chache, makosa mengi ya pampu na ya ujazo yanajifuta pale unapogawa. Zitenge kwanza kwa misimu, usichanganye kiangazi na baridi, kisha angalia kila msimu peke yake kwa miaka yote tisa. Kama jumla ya asidi inashuka na uwiano umetulia, kuna uwezekano mkubwa vyanzo vimepungua. Kama jumla imetulia na uwiano unapanda, hewa inayofika kituoni inapikwa zaidi au inatoka mbali zaidi kuliko zamani, hapo tafuta data za upepo za miaka hiyo hiyo uziweke juu yake. Saksiniki ikisoma sifuri au chini ya kiwango cha mashine usigawe, iache wazi. Ukimaliza nitumie grafu, na kama unaweza pata na daftari la vifaa vya kituo hicho.